Chupa ya maji, kifuniko cha kalamu na bahasha nne: ninavyofundisha nyambizi ya nyuklia

Nafundisha fizikia Kigamboni. Wanafunzi wangu wengi wanaijua bahari kwa juu tu, kutoka kwenye pantoni ya Magogoni. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya kuelea na kuzama, hakosi mmoja wa kuuliza kuhusu nyambizi za nyuklia alizoziona kwenye simu. Zamani nilijibu kwa sentensi mbili nikaendelea. Siku hizi natenga vipindi viwili vilivyofuatana, na naeleza hapa ninavyofanya ili mwalimu mwenzangu, au mzazi mwenye watoto wadadisi nyumbani, naye ajaribu.

Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu ambayo kizibo chake hakivuji, kifuniko cha kalamu, bigijii iliyokwisha kutafunwa, bahasha nne na karatasi. Ziba tundu la juu ya kifuniko kwa bigijii, kisha bandika kipande kingine kwenye ncha ya kile kishikizo cha mfukoni, ili kifuniko kisimame wima, mdomo ukiwa chini. Kijaribu kwanza kwenye glasi ya maji. Hapa usifanye haraka, maana ndipo wengi wanapokata tamaa: kifuniko kinatakiwa kielee kwa shida, kichwa tu kikichungulia. Kikielea sana ongeza bigijii, kikizama punguza. Jaza chupa mpaka shingoni, tumbukiza kifuniko mdomo ukiwa chini, funga, minya. Kinashuka. Achia, kinapanda.

Waache wachezee mpaka washibe, ndipo ueleze. Ukiminya, maji yanaingia ndani ya kifuniko na hewa inabanwa, kwa hiyo kifuniko kinakuwa kizito kuliko maji kinayoyasukuma kando. Nyambizi ina matangi ya kazi hiyo. Ikitaka kuzama inaachia hewa itoke na maji ya bahari yaingie. Ikitaka kupanda, hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi inayatoa maji nje. Kisha wape hesabu ya kina. Kila mita 10 kwenda chini, maji yanaongeza mzigo wa tani 10 hivi juu ya kila mita moja ya mraba. Hayo ni magunia 100 ya mahindi, gunia la kilo 100. Kwenye mita 100 ni magunia 1,000. Nimeona watoto wakitazama dari darasa zima likinyamaza.

Baada ya hapo toka nao uwanjani na kamba. Uingereza ina nyambizi nne za kubeba makombora ya nyuklia, Vanguard, Victorious, Vigilant na Vengeance, na kituo chao ni Faslane, Scotland. Kila moja ina urefu wa karibu mita 150. Uwanja wetu wa mpira hautoshi. Inabidi watoto wa mwisho wavuke barabara. Ndani wanaishi watu zaidi ya 130. Kinu cha nyuklia kinachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, umeme unapatikana, na kwa umeme huo wanatengeneza oksijeni na maji ya kunywa kutokana na bahari yenyewe. Kinachowarudisha nyumbani ni chakula kuisha.

Tangu 1969 Waingereza wamehakikisha kwamba wakati wote kuna angalau moja iliyojificha baharini. Nguvu yake yote imo katika kutojulikana ilipo: adui akiiteketeza nchi nzima, hiyo moja bado inaweza kulipiza, basi anaogopa kuanza. Wakikuambia hayo ni mambo ya Wazungu, fungua ramani. India iliiingiza kazini nyambizi yake ya nyuklia, Arihant, mwaka 2016, na bahari yao ndiyo hii yetu. Waambie pia kuhusu Mkataba wa Pelindaba, unaozifanya silaha za nyuklia kuwa marufuku barani Afrika tangu 2009. Hilo napenda walijue kwa jina.

Kipindi cha pili ni cha kamanda, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Uingereza, anayetaka kuongoza nyambizi lazima apite kozi iitwayo Perisher, na kwa desturi anayeshindwa hazirudii tena nyambizi. Kamanda hawezi kurusha kombora peke yake. Amri ikifika lazima maofisa wahakikishe wawili wawili. Wakiwa doria nyambizi inapokea ujumbe lakini haitumi, maana mawimbi yake ya redio yangewafichua. Kila baharia anapata maneno machache ya nyumbani kwa wiki, yapata 120, na hawezi kujibu.

Wape karatasi wamwandikie baba au mama aliye chini ya maji kwa maneno 120, bila habari mbaya hata moja. Baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Bibi alipofariki, habari zilimfikia baada ya wiki tano, na mpaka leo nalikumbuka lile dawati tulilokalia na mama tukitafuta maneno ya kumwandikia. Ndiyo maana zoezi hili siliruki.

Sasa funga madirisha na mlango kwa dakika kumi. Mwezi wa pili hapa Dar hazihitajiki zaidi. Anayejisikia vibaya atoke mara moja. Katika joto hilo wasimulie ya tarehe 27 Oktoba 1962. Karibu na Kuba, nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa imebanwa na meli za Marekani zilizoiangushia mabomu madogo ya kuilazimisha ipande. Hiyo ilitumia dizeli, lakini ilibeba torpedo moja ya nyuklia, yaani bomu linalojiendesha majini. Betri zilikuwa zinakwisha, hewa chafu, na Moscow haikusikika. Kwa simulizi za waliokuwemo, kamanda Savitsky alidhani vita imeanza, akataka torpedo iandaliwe. Vasily Arkhipov, ofisa mwenzake wa cheo kilekile, alimkatalia na kumtuliza. Wakapanda juu. Nyamaza kidogo kabla ya kufungua madirisha.

Za mwisho ni bahasha. Kila waziri mkuu wa Uingereza akishika madaraka huandika kwa mkono barua nne zinazofanana, moja kwa kila kamanda, kumwelekeza la kufanya ikiwa serikali imeangamia. Hukaa ndani ya kasha la chuma. Akiondoka madarakani, zinaharibiwa bila kusomwa.

Mchague mwanafunzi mmoja awe waziri mkuu, akaandike peke yake chini ya mwarobaini. Usimsaidie na usimharakishe. Bahasha moja mkabidhi mwingine, kamanda, ashike mpaka kengele ilie, wenzake wakiendelea na hesabu za kina. Ataigeuzageuza, ataishika juu aitazame kwenye mwanga, atakuuliza kama anaweza kufungua. Mjibu kwamba nchi yake bado ipo.

Kengele ikilia kusanya zote nne, uzichome kwenye jiko la mkaa wakiwa wamekuzunguka. Mwaka jana aliyekuwa kamanda aliniomba, "Mwalimu, nisome mstari mmoja tu." Nilikataa. Akamgeukia waziri mkuu wake, binti wa Kidato cha Tatu, akamuuliza alichoandika, naye akatikisa kichwa, akaenda kupanga foleni ya pantoni.