Kuita methodi ya objekti kwenye Python: nukta, mabano na self

Klasi, yaani mchoro wa kuundia magari, haibebi abiria. Linalobeba ni gari moja moja lililotoka kwenye klasi hiyo, yaani objekti, na methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi kwa def) lazima ijue inaitwa kwa ajili ya gari lipi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Andika hii kwenye faili matatu.py:

```
class Matatu:
    def __init__(self, njia, viti):
        self.njia = njia
        self.viti = viti
        self.abiria = 0

    def pandisha(self, idadi):
        wanaoingia = min(idadi, self.viti - self.abiria)
        self.abiria += wanaoingia
        return wanaoingia

a = Matatu("58", 14)   # nissan ya Buruburu
b = Matatu("46", 33)   # ya Kawangware
print(a.pandisha(9))   # 9
print(a.pandisha(8))   # 5
print(b.abiria)        # 0
```

Mara ya pili stejini kulikuwa na watu 8, wakaingia 5, maana 14 toa 9 ni 5, na min() huchukua namba iliyo ndogo. (Makanga angemkaza wa 15 hapo mlangoni, min() haina mchezo huo.) Gari b halijaguswa hata kidogo, kwa sababu kila objekti ina abiria wake.

Sasa tazama a.pandisha(9) kwa makini. Kilicho kushoto mwa nukta, a, ndicho Python inachokiingiza kwenye self; 9 inaenda kwa idadi. Ni sawasawa na kuandika Matatu.pandisha(a, 9). Kwa hiyo usipitishe self mwenyewe unapoita.

Ukisahau self kwenye mstari wa def, ukaandika def pandisha(idadi), utaambiwa:

TypeError: Matatu.pandisha() takes 1 positional argument but 2 were given

Wewe umehesabu 9 peke yake. Python imehesabu na a pia. Rudisha self, kisha ukiita Matatu.pandisha(9) inakuwa kinyume: 9 imekalia nafasi ya self, na idadi imekosa kitu:

TypeError: Matatu.pandisha() missing 1 required positional argument: 'idadi'

Kosa hilo la pili hutokea pia ukiandika a = Matatu bila mabano. Hujaunda gari, umeipa klasi ileile jina jingine.

Kosa baya kuliko yote ni lile lisilopiga kelele. Mstari a.pandisha bila mabano hauleti lalamiko lolote, ila hakuna anayepanda. Ukiuchapisha kwa print utaona maneno yanayoanza na <bound method. Hiyo ni methodi yenyewe, bado haijaitwa.

Return nayo ikikosekana, abiria watapanda vizuri lakini print itatoa None.

Ukishindwa kabisa kujua tatizo liko wapi, weka print(type(a)) juu ya mstari unaokusumbua. <class '__main__.Matatu'> maana yake una gari. <class 'type'> maana yake rudi ukaweke mabano pale ulipoliunda.