Somo: Namna ya Kupima Programu ya Kusimamia Anwani za IP na Majina ya Mtandao Kabla ya Kuilipia

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na anwani za IP, yaani namba zinazovitambulisha vifaa kwenye mtandao, ni mali ya kampuni kama zilivyo gari na samani. Somo hili linawahusu wanaosimamia mitandao ya kampuni zenye matawi, ambao uongozi umewaomba wapendekeze programu ya kusimamia kazi tatu zinazokwenda pamoja: kutunza hesabu ya anwani za IP, kuzigawa kwa vifaa kwa njia ya DHCP, na kutafsiri majina kuwa anwani kwa njia ya DNS. Msimamo wangu nautoa mapema. Programu za aina hii hazipimwi kwa onyesho la muuzaji, ambalo siku zote hupendeza, bali kwa data yenu wenyewe na kwa namna zinavyostahimili siku mbaya.

Hatua ya 1: Jueni mlicho nacho

Niliwahi kuitwa na kampuni ya usambazaji yenye ofisi kuu Dar es Salaam na maghala Arusha na Mwanza, kwa sababu printa ya ankara ilikuwa ikipotea mtandaoni kila asubuhi. Nilikaa kwenye kompyuta ya karani, nikaandika amri ya arp -a, inayoonyesha kila anwani ya IP inashikwa na kifaa kipi, nikaona anwani 192.168.1.50 ikiwa na namba ya MAC (namba ya kudumu ya kifaa chenyewe) ya printa. Dakika chache baadaye nilirudia amri ileile, na safari hii namba ilikuwa ya simu ya mkononi. Printa ilikuwa imewekewa anwani hiyo kwa mkono, huku seva ya DHCP ikiwa imeelekezwa kugawa anwani zinazoishia na 50 hadi 200; kwa kuwa printa ilizimwa kila jioni, simu iliyofika mapema ilikuta nafasi wazi ikapewa. Faili la Excel la anwani lilikuwepo, tena katika nakala tatu kwa watu watatu, na kila nakala ilieleza jambo tofauti kuhusu 50.

Kwa hiyo, kabla hamjamwita muuzaji yeyote, kusanyeni orodha nne: anwani zilizogawiwa na seva ya DHCP, jedwali la ARP la kila ruta (orodha ya anwani za IP na namba za MAC ambazo ruta imeziona), rekodi zote za DNS, na hilo faili la Excel. Zilinganisheni mstari kwa mstari. Mahali zinapopishana ndipo palipo na mahitaji yenu ya kweli, na hapo ndipo mtakapoitazama programu ikifanya kazi.

Mtakalolikuta mara nyingi ni matawi mawili kutumia kitalu kimoja, yaani fungu moja la anwani zinazofuatana, cha 192.168.1.0/24 (hiyo /24 hueleza ukubwa wa kitalu), ambacho ndicho kinachokuja na ruta nyingi kutoka dukani. Siku mtakapotaka kuyaunganisha kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita kwenye intaneti, ruta haitajua kifaa kinachotafutwa kiko Arusha au Mwanza. Haikuwa lazima kufika huko, maana waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 1918 wa mwaka 1996 ulitenga kwa matumizi ya ndani kitalu cha 10.0.0.0/8, chenye anwani 16,777,216. Kuhama huchukua miezi, na katika miezi hiyo programu inapaswa kuweza kuandika vitalu viwili vinavyofanana kila kimoja chini ya tawi lake bila kuvichanganya. Hilo liwe sharti la kwanza katika karatasi mtakayotumia kuzipa programu alama.

Hatua ya 2: Chagueni kati ya daftari na mtendaji

Kuna programu ambazo ni daftari, na kuna watendaji, yaani zinazogawa anwani na kutafsiri majina zenyewe. NetBox, ambayo ni programu huria iliyoanzia katika kampuni ya DigitalOcean na kutolewa kwa umma mwaka 2016, huandika mtandao unavyotakiwa kuwa. Haigawi anwani kwa vifaa. phpIPAM nayo ni huria na nyepesi, na huweza kupita kwenye kitalu ikiuliza kila anwani kama kuna kifaa kinachojibu. Windows Server imekuwa na sehemu yake ya kusimamia anwani tangu toleo la 2012, lakini sehemu hiyo inasimamia seva za DHCP na DNS za Microsoft, na haiwekwi kwenye seva ambayo ni kidhibiti cha Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta za kampuni. Upande wa kulipia kuna Infoblox, BlueCat na EfficientIP, ambazo hubeba kazi zote tatu kwa pamoja.

Msilinganishe daftari na mtendaji katika jedwali moja la alama. Kampuni ambayo DHCP na DNS zake zinafanya kazi vizuri, na inakosa kumbukumbu tu, haina sababu ya kununua mtendaji.

Hatua ya 3: Ingizeni data yenu, pamoja na makosa yake

Ombeni muda wa majaribio, kisha mpakie orodha za hatua ya kwanza bila kuzisafisha. Tazameni programu inafanya nini inapokutana na anwani iliyoandikwa mara mbili. Nzuri itawaonyesha mstari wenye kosa na sababu yake. Mbaya itapokea mstari wa mwisho na kuufuta wa kwanza kimyakimya. Halafu toeni data yote nje tena katika CSV, faili la maandishi ambalo Excel huweza kulifungua, na mhesabu mistari, kwa sababu programu isiyowarudishia data yenu ikiwa kamili itawafunga kwa muuzaji huyo miaka mingi.

Hatua ya 4: Itengenezeni siku mbaya

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, na nimeona ikirukwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Zimeni seva kuu, kisha mtazame kama seva ya akiba inachukua kazi. Hapa pana mtego. Kifaa kilichopewa anwani kwa DHCP hupewa kwa muda maalumu, nacho huanza kuomba kuongezewa nusu ya muda huo inapopita, na kikikosa jibu hungoja hadi asilimia 87.5 ndipo kiombe kwa seva yoyote itakayosikia. Kama muda huo una urefu wa saa nane, mtazima seva saa tatu asubuhi, asubuhi yote itapita kwa amani, nanyi mtaandika kwamba jaribio limefaulu wakati halijaanza hata kuuma. Kwenye mtandao wa majaribio wekeni muda wa dakika 10, mzime seva, mngoje robo saa.

Pili, kateni intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo karani wa ghala bado anahitaji kuifikia seva ya stoo iliyo chumba cha pili, na hataifikia ikiwa tafsiri ya jina lake inafanyika kwenye wingu lililo Ulaya. Programu inayosimamiwa kutoka kwenye wingu inakubalika, mradi seva ya DNS na ya DHCP ziwe ndani ya jengo na ziendelee kujibu hata zikikosa mawasiliano na mkubwa wao.

Tatu, rudisheni nakala rudufu kwenye mashine mpya mkiwa na saa mkononi, na anayefanya hivyo awe fundi wenu, si wa muuzaji. Andikeni pia anwani ya IP ya programu yenyewe kwenye karatasi, kwani jina lake halitafunguka siku DNS itakapolala.

Hatua ya 5: Mamlaka, kumbukumbu na bei

Fundi wa Mwanza aweze kubadilisha vitalu vya Mwanza tu, na kila badiliko libaki na jina la aliyelifanya pamoja na saa. Kuhusu bei, ulizeni leseni inahesabu nini. Ikihesabu anwani zinazotumika, simu za wageni na kamera za ulinzi nazo zitaingia kwenye ankara. Programu huria nayo ina gharama yake, ambayo ni mshahara wa anayeitunza.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sisi tuna vifaa 90 katika jengo moja. Je, tunahitaji programu hizi?*

Marahaba. Kwa sasa hapana. Tengeni anwani 1 hadi 49 kwa vifaa vya kudumu, DHCP igawe kuanzia 50 kwenda juu, na orodha iwe moja, mikononi mwa mtu mmoja. Mkifungua tawi la pili, anzeni na phpIPAM.

*Ndugu mwandishi, tunatumia Active Directory, na muuzaji anataka DNS yote ihamie kwake. Tukubali?*

Msikubali kabla ya jaribio. Kompyuta zenu hukipata kidhibiti cha Active Directory kwa kusoma rekodi za SRV, yaani rekodi za DNS zinazotaja huduma fulani iko kwenye seva ipi, kama ile ya _ldap._tcp, na vidhibiti huziandika vyenyewe. Seva mpya ikikataa maandishi hayo, watu watashindwa kuingia kwenye kompyuta zao. Njia yenye usalama zaidi ni kuacha eneo la majina ya DNS la Active Directory lilipo, na seva mpya ielekeze huko maswali yanayolihusu.

*Tunapanga kuanza IPv6. Programu ikague vitalu vyake kama inavyokagua vya IPv4?*

Haiwezekani. IPv6 ni toleo jipya la anwani za IP, lenye anwani nyingi kuliko IPv4. Kitalu cha kawaida cha /24 cha IPv4 kina anwani 256, hukaguliwa kwa muda mfupi. Kitalu kimoja cha /64 cha IPv6 kina anwani nyingi mno hata kuziuliza mojamoja kusiwe na mwisho. Itakeni programu isome jedwali la majirani (orodha ya vifaa ambavyo tayari vimeonekana) kwenye ruta na swichi, na mwombe muuzaji awaonyeshe jambo hilo likifanyika kwenye ruta ya aina mliyo nayo.

*Mwalimu, jina letu la .co.tz lilisajiliwa na kijana wa IT kwa barua pepe yake binafsi, naye ameshaacha kazi. Je, programu itatusaidia?*

Programu ikiwa na uwezo huo itawakumbusha tarehe ya mwisho wa usajili, lakini haiwezi kuwarudishia umiliki. Nendeni kwa msajili aliyewauzia jina hilo mkiwa na hati za usajili wa kampuni na barua ya uongozi, mkaombe mawasiliano yabadilishwe yawe ya ofisi, kwa barua pepe isiyo ya mtu mmoja, na tena isiyo ya kikoa hichohicho, yaani jina hilohilo la .co.tz. Kikoa kikisimama, barua pepe zake nazo husimama, na ujumbe wa kuwataka mlipe hautawafikia. Mtafuteni pia kijana huyo kwa wema, maana akiidhinisha mwenyewe, kazi hiyo itakuwa nyepesi zaidi.