Namna ya kulinganisha fedha za Serikali kwenye shule za msingi: Tanzania na Kenya

Nimekuwa nikimsaidia mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza aliyetaka kujua ni serikali ipi, yetu au ya Kenya, inayotumia fedha nyingi zaidi kwa mtoto wa shule ya msingi. Naandika njia niliyompitisha.

Hatua ya 1: Chagua mwaka wa fedha mmoja. Kote unaanza Julai na kuisha Juni. Tumia matumizi halisi. Makadirio yaliyosomwa bungeni ni ahadi tu.

Hatua ya 2: Pakua vitabu vya bajeti. Fanyia kazi kwenye kompyuta. Majedwali haya hayasomeki kwenye simu.

Hatua ya 3: Tafuta mishahara ya walimu. Muda wako mwingi utaishia hapa, na uishie hapa kweli.

Kwetu Tanzania, wengi hufungua Fungu 46 (fungu ni sehemu ya bajeti yenye namba yake), Wizara ya Elimu, wakajumlisha na kufunga. Fungu hilo halimlipi mwalimu wa Nansio. Mshahara wake uko kwenye kitabu cha mikoa na halmashauri: Fungu 81, Mkoa wa Mwanza, kisha unashuka hadi Halmashauri ya Ukerewe, elimu ya msingi. Fanya hivyo kwa mikoa yote 26 ya Bara. Pitia pia Fungu 56, TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), uone miradi ya madarasa, ila angalia usiihesabu mara mbili.

Ng'ambo ya ziwa, mwalimu wa Mbita, Kenya, halipwi na wizara wala kaunti. Analipwa na TSC, tume ya Kenya inayoajiri walimu, ambayo inalipa walimu wa sekondari pia. Fungua bajeti yao ya programu, ambamo walimu wa msingi wametengwa na wa sekondari. Tangu 2023 sekondari ya chini, darasa la saba hadi la tisa, iko kwenye viwanja vya shule za msingi; hao usiwachanganye. Elimu ya awali kule ni ya kaunti kwa Katiba ya 2010, wakati kwetu darasa la awali limo ndani ya shule ya msingi. Mimi huiondoa pande zote mbili. Ikishindikana, andika wazi kwamba ya Tanzania imo.

Na Zanzibar? Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Chukua wanafunzi wa Bara na, ukifika Hatua ya 5, pato la taifa la Bara.

Tafadhali usilinganishe ruzuku peke yake. Yetu imewekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ya Kenya shilingi 1,420 za kwao. Mtu akibadilisha fedha anaona Kenya imetuzidi karibu mara tatu, anaandika hivyo kwenye ripoti. Ruzuku ni chaki, vitabu na ukarabati. Fedha nyingi ziko kwa walimu.

Hatua ya 4: Gawa kwa idadi ya wanafunzi wa shule za serikali pekee. Jumla haisemi kitu, maana wenzetu wana madarasa sita na sisi bado tuna saba.

Hatua ya 5: Achana na dola. Bei ya benki inapanda na kushuka bila mtoto yeyote kuongezewa dawati. Gawa matumizi ya mwanafunzi mmoja kwa pato la taifa la kila mtu, uzidishe kwa 100. Mfano wa kujifunzia: 200,000 kwa 2,500,000 ni asilimia 8.

Hatua ya 6: Sasa ndipo ufungue takwimu za UNESCO. Zikipishana sana na zako, rudi kwenye mishahara kwanza.