WordPress ikigeuka nyeupe pee, badili jina la folda

Jana nilisasisha plagini moja tu (kiongezo cha WordPress, programu ya kuendeshea tovuti), tovuti ikawa nyeupe pee, hata dashibodi haifunguki. Kabla hujaanza kufuta vitu kwa hasira, ingia kwa FTP (njia ya kuyafikia mafaili ya tovuti kwenye seva), fungua folda ya wp-content, kisha folda ya plugins ibadili jina iwe plugins-zima. Fungua tovuti tena. Ikiamka, mkosaji yumo humo. WordPress huweka kwenye hifadhidata orodha ya plagini zilizowashwa, pamoja na mahali lilipo faili la kila moja; isipolikuta faili hapo, huliruka na kuendelea na kazi. Sasa ingia kwenye dashibodi na ufungue ukurasa wa plagini mara moja, ili zote zizimwe rasmi. Hatua hii niliiruka mara ya kwanza: niliporudisha jina, weupe ukarudi palepale. Ukishaufungua, rudisha jina la zamani, uwashe moja baada ya nyingine huku ukitazama tovuti. Mipangilio kwa kawaida haipotei, maana imo kwenye hifadhidata, si kwenye folda. Na kama mshukiwa unamjua, badili jina la folda yake peke yake, zingine uziache zilivyo.

Mbinu hii haitasaidia kama kosa liko kwenye themu (mafaili ya mwonekano wa tovuti), au kwenye mu-plugins, folda ya plagini za lazima, ambayo husomwa kivyake. Chunguza pia faili la object-cache.php ndani ya wp-content. Baadhi ya plagini za kache (za kuharakisha tovuti) huliacha hapo, nalo huendelea kusomwa hata zenyewe zikiwa zimezimwa.