Kompyuta ya gemu ya bei nafuu: fungua kasha kabla ya kulipa

Mwenye bajeti ndogo mara nyingi huoneshwa mashine ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex, ambayo imeongezewa kadi ya picha na taa za rangi. Hilo halina ubaya, mradi muuzaji akubali kufungua kasha. Anza na pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha: OptiPlex 7010 ya 2012 ya umbo dogo ina ya wati 240 tu, ya umbo la pekee lisilopokea mbadala wa kawaida, na haina waya wa kulisha kadi, hivyo kinachoifaa ni kadi inayotosheka na wati 75 zitokazo kwenye ubao mama, mfano GTX 1650 ya kimo kifupi (low profile) isiyo na tundu la umeme la ziada. Ukikuta kadi kubwa inayopata umeme kwa adapta iliyochomekwa kwenye waya wa diski, achana nayo, hata ukipunguziwa bei.

Maandishi ya Core i7, ambalo ni jina la prosesa (ubongo wa kompyuta), yasikubabaishe: i7-2600 ni ya 2011 na ina viini (cores) 4, ilhali i5-12400 ya 2022 ina viini 6 na huipita kwa mbali.

Kadi nazo hughushiwa, kwa hiyo beba programu ya GPU-Z kwenye flashi, kwani hutambua kadi nyingi bandia za NVIDIA na kuandika FAKE mbele ya jina. Kisha omba gemu nzito iendeshwe hapo hapo kwa nusu saa, na namba ya utambulisho wa kadi iandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana.