Kabla hujaomba kura za kamati ya shule

Wazazi wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaotaka ujumbe wa kamati ya shule ya msingi huanza na hotuba. Anza na hesabu za shule, maana hizo ndizo zitakazokupa la kusema.

Kwanza ujue unagombea nini. Shule ya msingi ina kamati. Wawakilishi wa wazazi huchaguliwa na wazazi wenyewe mkutanoni, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Sekondari ina bodi ambayo wajumbe wake huteuliwa, hivyo huko hakuna kura za kuzunguka kuomba. Muone mwalimu mkuu au mtendaji wa kijiji mapema, umuulize muda wa kamati iliyopo unaisha lini, nafasi za wazazi ni ngapi, na kura ni za mikono au za siri. Afisa elimu kata anayo miongozo. Omba uisome mwenyewe, usisimuliwe.

Kisha fedha. Ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia akaunti ya shule. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, hutumwa mwezi kwa mwezi. Shule yenye watoto 500 basi inatazamia 3,000,000 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na mipira. Mapokezi hutakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nenda ukausome, ulinganishe na idadi ya wanafunzi. Anayemtuhumu mwalimu mkuu kula hela bila kujua kilichoingia ni kiasi gani huumbuka hapo hapo mkutanoni.

Kukagua majengo hakuchukui muda. Chumba kimoja ni cha watoto 45. Tundu moja la choo ni la wasichana 20 au wavulana 25. Wasichana 260 wanahitaji matundu 13. Hesabu yanayotumika tu. Lililojaa au lisilo na mlango usilitie. Uliza pia kama wasichana wana chumba cha kujisitiri chenye maji.

Penye kazi hasa ni chakula cha mchana. Ukanda wetu unalisha nchi mahindi, na bado kuna watoto wanaoshinda njaa darasani, na mara nyingi chanzo ni hesabu mbovu. Chukua gramu 150 za mahindi kwa mtoto kwa siku, kwa siku za masomo 190 na ushee: ni karibu kilo 29. Debe la mahindi makavu lina kilo 17 hivi. Kamati inayokubaliana debe moja kwa mtoto, ikaanza kupika Januari, itakuta stoo tupu Agosti, wiki chache kabla darasa la saba hawajafanya mtihani wa Septemba. Hapo bado hujaweka maharage, chumvi, kuni na ujira wa mpishi.

Wakati wa kuomba mchango wa mahindi nao una maana. Januari mzazi ameshamaliza fedha kwenye mbolea, na ghala linaelekea ukingoni. Pendekeza mahindi yakusanywe baada ya mavuno, Julai na Agosti, yapimwe kwa mizani na kila mzazi aandikiwe stakabadhi. Yaanikwe yakauke kabisa, yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, au yafungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. La sivyo dumuzi watayageuza unga kabla ya Krismasi. Na liseme wazi hili: mchango hupitishwa na mkutano wa wazazi, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa.

Usiahidi walimu. Kuajiri na kupanga walimu hakumo mikononi mwa kamati. Inachoweza ni kupeleka upungufu kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu kata, kwa maandishi yenye takwimu. Kama unauza tofali, mchanga au mbao, tangaza mapema kwamba zabuni za shule hiyo hutazigusa.

Kura zinapigwa na waliofika, basi. Wagombea wengi humaliza wiki kijiweni na wanaume ambao siku ya mkutano hawaonekani, ilhali wanaokuja kwa wingi ni akina mama. Wafuate kisimani, kwenye vikoba na baada ya ibada. Tarehe ikiangukia siku ya mnada au wiki za kupanda, omba isogezwe mapema. Ukitokea msiba kijijini, mkutano huo hauna watu. Pata mtu wa kupendekeza jina lako na mwingine wa kuliunga mkono, nao wawe na watoto shuleni hapo. Usimnunulie mtu pombe, iwe ulanzi au komoni: ni rushwa, na itakufuata kila utakapouliza matumizi.

Utapewa dakika tatu hivi. Taja jina lako, watoto wako wapo madarasa gani, na jambo moja lenye takwimu, kama matundu ya choo au debe za mahindi.

Ukishinda, hakikisha muhtasari umeandika majina na kura za kila mmoja kabla watu hawajatawanyika. Kisha omba makabidhiano ya maandishi: daftari la stoo, mihtasari ya nyuma, mpango wa maendeleo ya shule, na orodha ya michango ambayo haijakusanywa.