Jinsi ya kupanda treni za umeme za zamani kwenye makumbusho ya reli, Union, Illinois

Tiketi ya Illinois Railway Museum unakata mara moja getini, kisha unapanda chochote kinachotembea siku hiyo, mara utakazo. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, jua kwanza ni nini kitakachotembea. Msimu mkuu ni Aprili hadi Oktoba. Angalia kalenda kwenye tovuti yao na uchague Jumamosi au Jumapili. Wanaoendesha ni watu wa kujitolea, na siku za kazi huwa wachache. Unaweza kufika ukakuta tramu moja tu inazunguka uwanjani. Angalia na hali ya hewa. Mabehewa ya mbao aghalabu hayatolewi bandani mvua ikinyesha, maana maji yakiingia kwenye viungo vya mbao ya miaka mia na zaidi, ukarabati wake si wa wiki moja.

Usafiri wa umma haufiki hapo. Kutoka Chicago ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, kuelekea kaskazini magharibi. Asiye na gari anaweza kupanda treni ya Metra hadi Woodstock, halafu teksi. Panga na teksi ya kurudi mapema: Union ni kijiji, magari ya kuita kwa simu ni ya kubahatisha.

Ukiingia, nenda moja kwa moja kwenye stesheni ya mbao iliyojengwa Marengo mwaka 1851 na kuhamishiwa hapa. Uliza treni ya umeme ya njia kuu inaondoka saa ngapi, na imeundwa na mabehewa gani. Anza na hiyo. Safari ya kwenda na kurudi ni kama dakika 45, na ukiiacha utasubiri. Tramu inazunguka mzingo wa kama maili moja ndani ya uwanja, hiyo utaikuta muda wote. Treni za Chicago zinazopita kwenye reli za juu ya barabara, zile za "L", sakafu yake iko sawa na jukwaa lililoinuliwa na hazina ngazi, hivyo zinapandiwa kwenye stesheni ya zamani ya 50th Avenue iliyoletwa hapa kutoka Cicero. Mwenye magoti mabovu aanzie hapo. Mabehewa mengine ngazi zake ni za kupanda kweli: shika vyuma vyote viwili, na ushuke ukiangalia behewa.

Kiti cha kugombea ni cha mbele kabisa, upande usio na chumba cha dereva. Kikikosekana, kaa karibu na mwisho wa behewa, juu ya magurudumu, penye kifuniko cha chuma sakafuni: mota iko chini yako. Treni ikiondoka utasikia mngurumo mzito unaopanda hatua kwa hatua. Dereva anasogeza mpini kipande kwa kipande, na kila kipande kinaondoa sehemu ya vizuizi vinavyopunguza umeme. Mwanzoni mota zimeunganishwa mfululizo, kila moja ikipata sehemu tu ya volti. Baadaye zinahamishiwa kwenye muungano sambamba na sauti inabadilika ghafla. Dereva akiharakisha mpini, behewa linashtuka na swichi ya usalama inaweza kukata umeme kwa mlio wa kama baruti. Usiogope, anairudisha mwenyewe. Ile "dugudugu" inayoanza na kukoma chini ya sakafu ni kompresa inayojaza upepo wa breki.

Waya wa juu una volti 600 za DC. Aliyepanda SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma alikuwa chini ya volti 25,000 za AC, lakini hizi 600 zinatosha kabisa kuua. Usiinue fimbo ya simu, mwavuli wala mtoto begani karibu na waya. Usitoe mkono dirishani. Nguzo ziko karibu. Na usivuke reli kwa kutegemea masikio: behewa la umeme likiachiwa liteleze lenyewe halina kelele ya kukuonya.

Taa zikizimika sekunde moja mchana kweupe, si hitilafu. Behewa limepita mahali waya umegawanywa. Zikizimika tano pamoja na zisiwake, balbu moja imeungua: zimefungwa tano kwa mfululizo ili zigawane volti 600, ikifa moja zote zinalala. Treni ikisimama njiani na kondakta akakimbilia nyuma, huenda mlingoti wa paani, ule unaochukua umeme kwenye waya, umechomoka. Springi ndiyo inayousukuma juu, na kamba ndiyo anayoivutia kuurudisha. Kaeni ndani.

Mwisho wa njia shuka ukiruhusiwa, uone mlingoti mmoja ukiteremshwa na wa upande wa pili ukipandishwa, maana mlingoti unatakiwa uburutwe nyuma. Ukisukumwa mbele unanasa kwenye vibanio vya waya. Viti vingi vina migongo ya kugeuzwa: shika mpini ulio upande wa kupita watu, vuta, umegeukia unakokwenda. Angalia tu vidole vya watoto.

Kuhusu kengele, kwenye tramu mlio mmoja ni kusimama kituo kijacho, miwili ni kuondoka. Kamba ile ni ya kondakta. Abiria akiichezea, dereva anatii.

Ikitolewa, usiikose tramu ya Chicago namba 4391, iliyoundwa mwaka 1948, ya mwisho iliyobaki katika kundi lake. Chicago ilifunga tramu zake Juni 1958. Baada ya mabehewa ya mbao utashangaa ilivyo kimya. Pia tafuta mabehewa ya Chicago Aurora & Elgin, reli iliyoacha kubeba abiria Julai 1957; kwa mapenzi yetu, hayo ndiyo yenye sauti tamu kuliko yote uwanjani.

Beba maji. Hakuna kiyoyozi kwenye mabehewa haya, na Julai chuma kinachemka.